Saa Inayogonga Tunavyosema

Tarehe 9, mwezi wa pili

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na macho hayajazidi kukusumbua. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Ukimsomea, mwambie nampa shikamoo yake peke yake, asichanganyiwe na yako. Sisi huku wazima. Mjukuu wako, mchumba wako huyo, ameota jino la tatu na kazi yake ni kuniuma nalo. Nimechoka, Baba, mpaka nasinzia nimesimama, lakini ni uchovu wa mtu mwenye kazi, kwa hiyo nashukuru.

Kazini wamenihamisha. Sifagii tena ukumbi wa mnada, sasa niko stoo, naosha vitu vya kioo kabla havijauzwa. Bilauri za rangi, mabakuli ya maua, chupa za marashi, na bata mmoja wa kioo ambaye sijui aliyemtengeneza alikuwa anafikiria nini. Nikishaosha nagonga kila kimoja kwa ukucha. Kizima kinaimba, chenye ufa kinakohoa. Halafu naandika kikaratasi cha dosari: "ufa chini", "mdomo umemeguka". Hapa kitu chenye dosari kinauzwa vizuri tu, ili mradi imeandikwa. Ukiificha, mnunuzi anakirudisha na wewe unafukuzwa. Mtoto yuko mgongoni muda wote. Dalali wetu, tunayemwita Mara-ya-Tatu, anasema akipiga teke hata bilauri moja watamnadi na yeye.

Sasa sikiliza. Juzi vimeletwa vitu vya mkubwa mmoja aliyefariki, watoto wake wanagawana. Kuna saa ya ukutani, ya mbao, mlango wake wa kioo kilichochorwa ua. Mara-ya-Tatu akaitia ufunguo. Mshale mfupi ulipofika kwenye saba, kengele ikagonga mara moja tu. Ulipofika kwenye nane, ikagonga mbili. Akaniambia, "Andika kengele mbovu." Nikamwambia, "Si mbovu. Inagonga tunavyosema. Mshale ukiwa kwenye saba, wewe unasema saa ngapi?" Akacheka mpaka akakaa chini. "Jamani, saa inajua Kiswahili!"

Mimi sikucheka. Baba, ni fundi gani mwingine aliyewahi kuipanga kengele hivyo ili watoto wake wasichanganyikiwe? Hii si saa ya babu mzaa mama? Ile ambayo Kaka alisemwa ameiiba?

Nijibu upesi.

Kitindamimba wako


Tarehe 27, mwezi wa pili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, tunashukuru kwa uzima. Mama yako kifua ni kilekile, ila sasa hatoki kitandani. Jirani mshonaji anakuja kumgeuza na kumwogesha. Mpe mchumba wangu salamu, mwambie mahari ninayo, meno ndiyo sina.

Nimefurahi kwa kazi yako mpya. Kioo usikiweke kwenye maji ya moto ghafla.

Habari ya saa, mama, saa za namna hiyo ni nyingi. Kengele ikiachana na mshale hugonga ovyo, ni ugonjwa wa kawaida. Wewe ulikuwa mtoto, utakumbuka nini? Ya babu yako aliichukua huyo mtu, tunajua wote, na yeye mwenyewe ameshatangulia. Usifukue. Mama yako nilimsomea salamu tu, hayo mengine niliyaruka. Moyo wake hauwezi.

Baba yako


Tarehe 15, mwezi wa tatu

Baba,

Shikamoo. Mama amelalaje? Mshonaji namshukuru sana, nikipata likizo nitambebea kitambaa. Mtoto alikuwa na homa siku nne, sasa amepona, analia kwa uchokozi tu.

Wakati wa mapumziko wenzangu walipokwenda kula, niliigeuza ile saa, nikafungua ubao wa nyuma. Unajua nimekuta nini. Alama yako, ile kama jicho, na tarehe kila mara ulipoifungua kuisafisha, umekwaruza kwa ncha ya msumari mstari chini ya mstari. Ya kwanza ni mwaka niliozaliwa mimi. Nilizisoma zote kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Saa ilipotea tarehe mbili mwezi wa tatu. Siku hiyo siwezi kuisahau, nilikuwa nimelala na tetekuwanga, na kupitia ukutani nilimsikia Kaka akisema, "Mama, mimi?" Mara moja tu. Kisha mlango.

Mstari wa mwisho kwenye ule ubao ni wa tarehe kumi na nne mwezi wa sita, mwaka uleule. Alama ni yako, mkono ni wako, ile nne yako iliyovunjika shingo.

Baba, uliifungua wapi miezi mitatu baada ya kuibiwa?

Sikuulizi kwa hasira. Nimekaa juu ya sanduku la bilauri, mtoto ananyonya, na nakuuliza kama binti yako. Niambie.

Kitindamimba wako


Tarehe 2, mwezi wa tano

Mwanangu,

Marahaba, mama. Umesubiri sana. Nilianza barua hii mara tano. Nimefurahi mtoto kupona. Mama yako sasa anakula uji tu, tena kidogo.

Mkubwa yule mnayeuza vitu vyake alikuja nyumbani siku moja kufuata saa yake ya mkono. Akaiona ya babu yako ukutani. Akaipenda. Akaniambia, "Saa ya mnara wa mji inahitaji fundi, na ukuta wangu unahitaji saa." Hakusema zaidi. Mimi nilikuwa nimekaa miaka kumi na tisa kwenye kibanda cha mabati natengeneza saa za mkono za watu, nikiunyanyua uso nauona mnara umesimama saa tano na robo mwaka hadi mwaka. Niliutamani ule mnara, mwanangu. Siwezi kukudanganya tena.

Nikaitoa asubuhi Mama yako alipokwenda bombani, nikampelekea. Nilikusudia kumwambia jioni. Lakini kaka yako naye alitoka asubuhi hiyohiyo na gunia begani. Lilikuwa na nguo zake za kazi, alikuwa amepata kibarua cha zege na alitaka kutushtukiza nacho. Watu walimwona na gunia. Aliporudi, Mama yako ndiye aliyesema kwanza lile neno. Mwizi. Mimi sikusema neno. Nataka ujue hivyo, sikusema neno.

Halafu siku ikapita, na ya pili, na kila siku neno likawa zito zaidi kulitoa. Mwezi wa sita mkubwa akaniita nikaisafishe kwake. Tarehe nilikwaruza kwa mazoea tu. Mkono uliandika kabla akili haijaukataza.

Kifusi kilipomfukia kaka yako kule machimboni, na wenzake wakatuletea mkanda wake, nilitaka kusema. Mama yako alikuwa amekaa na ule mkanda mapajani, macho makavu, anasema hamlilii mwizi. Nikaona nikisema sasa, namuua na yeye.

Kwa hiyo nakuomba. Anaondoka, mama. Kila mtu anaona. Aondoke na amani yake. Nikimwambia leo, namwambia kwamba alimfukuza mwanawe bure. Wewe ni mama sasa. Ungependa kuambiwa?

Baba yako


Tarehe 19, mwezi wa tano

Baba,

Shikamoo. Naandika mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto, kwa hiyo usome taratibu.

Nililia. Mara-ya-Tatu akadhani nimevunja kitu, akaja mbio kuhesabu bilauri.

Umeniuliza kama ningependa kuambiwa. Nimetembea nayo barua yako wiki nzima, kazini na nyumbani. Ndiyo, Baba. Ningependa. Ningependa hata kama nina pumzi mbili zimebaki, ya kwanza nisikie, ya pili nimwite mwanangu kwa jina lake. Hiyo unayoiita amani Mama hanayo. Mtu aliyekaa na mkanda wa mwanawe bila kumlilia ana amani gani? Umemfungia kilio miaka minane.

Na usiseme hukusema neno kana kwamba ni utetezi. Ndilo kosa lenyewe.

Ningeweza kumwandikia mshonaji akamsomee. Sitaki. Nataka aisikie kwa sauti yako, umekaa kwenye kigoda chako, miwani puani. Msomee barua zote, za kwangu na za kwako, ambazo nimezirudisha humu bahashani, usiruke mstari.

Ili nijue umesoma, muulize kitu kimoja uniandikie jibu lake. Asubuhi kengele ilipogonga ile moja, Kaka alikuwa na maneno yake. Mama alikuwa anacheka kila siku kama hajawahi kuyasikia. Wewe ulikuwa umeshatoka kwenda kibandani, huyajui. Mimi na Mama tu tunayajua sasa.

Sijakukataa. Wewe ni baba yangu, jina lako la ukoo ndilo mwanangu analibeba. Lakini kwa hili sirudi nyuma.

Saa itanadiwa tarehe tatu. Sisi wafanyakazi haturuhusiwi kununua.

Kitindamimba wako


Tarehe 30, mwezi wa tano

Mwanangu,

Marahaba. Nimemsomea. Ameipokea vizuri, ametabasamu kidogo. Amesema kaka yako alikuwa anahesabu kengele kwa sauti. Sasa tuyaache. Mbusu mchumba wangu.

Baba yako


Tarehe 12, mwezi wa sita

Baba,

Shikamoo yako.

Hakuwa anahesabu. Na Mama asingetabasamu. Hukumsomea.

Saa imeuzwa. Kikaratasi chake nilikiandika mimi: "Kioo cha mlango kimemeguka pembeni. Kengele nzima." Mara-ya-Tatu aliipigia debe vizuri, ukumbi mzima ulicheka ilipogonga, watu wakaongezeana mpaka ikafika mara ya tatu. Aliyeinunua alisema ameipenda sana, ila fundi wetu airekebishe kengele kabla hajaichukua. Nilikuwepo. Ilimchukua fundi muda mfupi kuliko kumvua mtoto nguo. Mshale kwenye saba, sasa inagonga saba.

Kwa hiyo kule kwenye saa, Kaka hayupo tena. Amebaki kichwani kwangu na kwa Mama. Mtoto analia, nakwenda. Baba, kaa kwenye kigoda umsomee.

Binti yako


Tarehe 8, mwezi wa saba

Mama,

Marahaba. Mwanangu, utanisamehe mwandiko.

Nimemsomea Jumapili asubuhi. Mshonaji alikuwa amemaliza kumwogesha, nikamwomba atupishe. Nilikaa kwenye kigoda kama ulivyosema. Nilianza na ile yako ya kwanza. Kwenye bata wa kioo alicheka, kifua kikamshika, nikampa maji. Kisha nikaendelea. Sikuruka. Ile ya kwangu ndefu niliisoma mara mbili, maana mara ya kwanza sauti ilikatika pale kwenye gunia, naye akasema, "Rudia." Nikarudia.

Nilipomaliza alitazama ukuta, pale msumari wa saa ulipo bado. Nikamuuliza swali lako. Akajibu, si kwa sauti yake, kwa sauti ya kijana: "Moja tu? Mama, ongeza!" Mimi sijui maana yake. Wewe utajua.

Kisha akaliita jina lake. Mwanangu, sikujua mwili ule bado una sauti. Alishuka kitandani mwenyewe, akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha, akalia kama habari imefika asubuhi hiyo. Nilinyoosha mkono, akautoa begani kwake. Hakunitukana. Aliutoa tu, kama unavyomtoa mdudu.

Majirani wakaja mbio. Mshonaji mbele, sindano bado imo kwenye kanga. Uwanja ukajaa, watu wanavua viatu mlangoni, wananishika mkono mmoja mmoja wananipa pole, wanadhani ni mama yako amefariki. Halafu wakamsikia ndani analia, wakashangaa. Mzee mmoja akaniuliza, "Fundi, kwani ni nani amefariki?"

Nilisimama mlangoni pangu, mama. Nikawaambia ni mwanangu. Wakasema huyo si alikufa zamani, yule wa saa? Nikawaambia ndiyo, huyo. Nikawaambia hakuiba.

Mama yako alilia siku mbili. Ya tatu asubuhi alinyamaza. Mnara ulikuwa unagonga nami nilikuwa nimeketi nje ya mlango wake, maana ndani hakutaka niingie. Tumemzika jana. Mkanda amekwenda nao.

Kazi ya mnara nimeirudisha, funguo nimewapa. Usije na mtoto mdogo kwa safari ndefu hivi kwa ajili yangu. Ukija, njoo kwa ajili ya kaburi. Barua zako zote nimezifunga pamoja na zangu, ziko kwa mshonaji, mjukuu akikua atasoma.

Hukuniuliza, lakini nakuandikia mwenyewe, kwa mkono wangu, kama kikaratasi chako: nilinyamaza.

Baba yako