Kalibu Moja au Mbili

Kenton, London
7 Februari 1988

Kaka Ulimboka,

Hujambo na nyumba yote? Mgongo umepona, au bado unatoka kitandani kwa awamu? Msalimie shemeji Placida, mwambie ndizi zake bado naziota. Sisi wazima, ila baridi inatuonea. Surinder ndiye aliyenituma niandike. Amesema nikimweleza habari za risasi mara moja zaidi atarudi kwa mama yake, na mama yake alishafariki.

Ndiyo, risasi. Usishtuke! Tangu wanipunguze kazi kiwandani nilikuwa nakaa dirishani natazama magari ya watu, mpaka jirani yangu Yogesh akanipeleka kwenye klabu yao ya kulenga shabaha kwa bastola. Ni wazee wenye vibali vya polisi. Wanatoboa karatasi, wanakunywa chai, wanarudi nyumbani. Wengi wanajaza tena maganda yaliyokwisha kutumika. Mimi nimefunga presi, mashine ya kushindilia, jikoni, pale Surinder alipokuwa akisukumia chapati.

Sasa swali. Kichwa cha risasi kinashindiliwa ndani ya ganda kwa kalibu inayofungwa kwenye presi, kisha mdomo wa ganda unabanwa ili kisicheze. Nina kalibu moja inayofanya yote mawili, unavuta mkono wa presi mara moja tu. Muuza duka ananing'ang'aniza ninunue ya pili, ya kubana peke yake. Ya nini? Mimi nimezaliwa katika karakana ya baba, ulikogonga bati wewe! Lakini Aprili wanachagua watu wanne wa kushindana na klabu nyingine, na nafasi hiyo naitaka kweli, kaka. Miaka kumi na mitano kiwandani nilikuwa mtu wa kusukuma toroli. Hapa hakuna aliyewahi kuona kazi ya mikono yangu. Ungekuwa wewe, ungetumia kalibu ngapi?

Mdogo wako,
Jaswant


Mbeya
1 Machi 1988

Mdogo wangu Jasi,

Salamu zako zimefika, na mgongo umezipokea. Hatujambo. Placida amecheka habari ya mama mkwe mpaka akaunguza maharage. Mvua inanyesha vizuri, na mimi bado nagonga bati kidogo kidogo uani.

Haya, nikujibu kabla hujaharibu kitu. Mbili! Mimi risasi sijawahi kujaza, ila bati ni bati na shaba ni shaba. Kichwa kikae kwanza, kitulie mahali pake, ndipo mdomo ubanwe. Ukianza kubana huku kichwa bado kinashuka, kitausukuma mdomo ule na ganda litatutumka tumbo. Tena hutaliona kwa macho. Utaliona siku ya watu.

Wewe wa kuniuliza hivyo? Umesahau vibatari sitini vya misheni, mwaka sitini na moja? Kitako kilisukumwa ndani, ukingo ukakunjwa, yote kwa pigo moja, ili tumalize kabla ya Pasaka. Vyote vikavuja. Masista walifuta mafuta ya taa mpaka madhabahuni. Baba yako, Mungu amrehemu, akanitoa kwenye meza ya kazi, nikavuta mivukuto ya tanuri mwaka mzima. Mikono yangu haijasahau.

Nunua ya pili, bwana.

Kaka yako,
Ulimboka


Kenton
24 Aprili 1988

Kaka Ulimboka,

Wote hatujambo, natumaini nanyi. Barua yako niliipata. Leo sina mengi.

Nimechaguliwa! Mimi ni wa nne. Surinder amekaanga jalebi zake tamu na kugawa mtaa mzima, hata kwa yule bibi anayelalamikia redio yetu. Kepteni wa klabu alinishika mkono mbele ya watu akasema nina mkono mtulivu.

Kwa bahati mbaya Yogesh ameachwa. Nafasi ya nne ilikuwa yake kila mwaka, lakini safari hii silinda ya bastola yake, ile inayozunguka na risasi, ilikwama mara mbili. Kepteni alisema hajui kusafisha silaha. Risasi nilimjazia mimi, sanduku moja na zangu, ila bastola yangu ni kuukuu, matundu yake yamepanuka, inameza chochote. Basi ndivyo mambo yalivyokwenda. Mashindano ni Julai.

Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mdogo wako,
Jaswant


Mbeya
18 Mei 1988

Mdogo wangu,

Tumshukuru Mungu kwa uzima na kwa jalebi, ingawa mimi hazikunifikia. Hongera sana! Nimewatangazia wote hapa kwamba Jasi wetu sasa ni mlenga shabaha wa London, na kinyozi wa hapa mtaani ameahidi kuacha kubishana na mimi kwa wiki nzima.

Nina swali moja tu, na ujue nacheka ninapoliuliza. Risasi za Yogesh ulizijaza kwa kalibu moja au mbili?

Maana mzee wako hayupo tena. Sasa mivukuto anavuta nani?

Kaka yako,
Ulimboka


Kenton
28 Agosti 1988

Kaka Ulimboka,

Nakuamkia kwa aibu. Miezi mitatu bila neno, na wewe labda umedhani ninaumwa. Siumwi. Nilikuwa najificha.

Moja, kaka. Nilitumia kalibu moja. Barua yako ya Machi ilikuja nikiwa nimekwisha jaza mia mbili, nikajiambia Ulimboka anajua nini habari za bastola. Baada ya ile ya Mei nilichukua zilizobaki nikazipapasa kwa kidole, moja moja. Karibu nusu zina tumbo, kama ulivyosema. Nikaenda kwa Yogesh. Nilimkuta barazani anasugua bastola yake, na mkewe Kalpana akaniambia anaisugua hivyo kila siku tangu Aprili, hajui kosa lake ni lipi. Kaka, nilinywa chai yao nikarudi nyumbani bila kusema. Nikafanya hivyo wiki nne! Nafasi ile niliitaka mno.

Siku nane kabla ya mashindano nilisimama klabuni watu wote wakiwa wamekaa. Nikasema bastola ya Yogesh ni safi, kosa ni langu, na nafasi ni yake. Kepteni alinuna. Yogesh alinitukana Kigujarati, halafu akanikumbatia, halafu akanitukana tena. Nikanunua kalibu ya pili, nikajaza upya zote, kichwa kwanza, mdomo baadaye. Akaniamini akazitumia. Haikukwama hata moja, na wakashinda! Mimi nilibeba chupa ya chai na sambusa, na Yogesh akawa anamwambia kila mtu, fundi wangu huyu hapa.

Sasa la pili, ambalo ndilo lililoufanya mkono wangu uwe mzito. Vibatari ilikuwa mimi. Wewe ulipanga kalibu mbili. Ulipokwenda kula nikazifungua, nikafunga ile moja, kwa sababu nilitaka baba aone jinsi ninavyojua kufupisha kazi. Vilipovuja akauliza ni nani, na nikakunyooshea kidole. Ukavuta mivukuto mwaka mzima, na kila asubuhi ulinisalimia. Nisamehe, kaka. Ningekuambia uso kwa uso, ila ninaogopa nitakufa kabla sijapata nauli.

Mdogo wako, kama bado,
Jaswant


Mbeya
25 Septemba 1988

Jasi,

Sisi wazima. Mgongo ni ule ule.

Nilijua siku ile ile. Niliporudi kutoka kula ulikuwa na grisi mpaka kwenye kilemba, na tangu lini wewe ukashika grisi bila kuambiwa? Ulikuwa na miaka kumi na minane na ulikuwa unamwogopa baba yako kuliko mimi nilivyomwogopa. Mwanzoni nilikasirika sana, sikufichi. Baadaye nikawa nasubiri tu uniambie mwenyewe. Nilidhani itakuwa wiki moja hivi.

Nimemsomea Placida barua yako. Akalia kidogo, kisha akasema miaka ishirini na saba ni mingi ya kuficha siri, hata kwa Singasinga.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ni kibatari, nimekitengeneza juzi kwa kalibu mbili. Kijaze mafuta, ukiweke juu ya kitambaa cheupe cha shemeji Surinder, na uketi hapo umtazame anavyokutazama.

Kikivuja, sema ni Ulimboka. Safari hii nimekuruhusu.

Kaka yako, bado,
Ulimboka