Kitambaa cha Ndani ya Mshono

2 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako haujambo? Mama je? Mimi ni mzima kupita kiasi. Tangu Desemba sijala kitu kilichopita jikoni: asubuhi papai, mchana tikiti, jioni ndizi na machungwa, basi. Ovaroli ya kazini naifunga kwa kamba isinivuke. Wenzangu karakanani waliokuwa wakinicheka sasa wananiomba siri.

Jambo jingine. Msimamizi wetu anastaafu, nami nimeitwa kufanya jaribio la kuchomelea ili nishike nafasi yake. Nikifaulu, nitakuwa mwanamke wa kwanza kusimamia mafundi hapa, na kutakuwa na sherehe. Nataka gauni utakalolishona wewe. Vipimo viko nyuma ya karatasi. Tafadhali usiache kile kitambaa cha akiba ndani ya mshono kama kawaida yako. Kata chote, sirudi nilikotoka.

Binti yako (Kibonge amekwisha)

20 Februari

Mwanangu Kibonge (nisamehe, mkono umezoea),

Marahaba. Mgongo unanung'unika lakini bado unainama kwenye cherehani. Habari ya jaribio nimewasomea wateja wote, hata yule aliyeleta zipu tu. Najisikia mrefu siku hizi.

Ila vipimo vyako vimenitia wasiwasi. Hicho ni kiuno chako cha darasa la saba. Nakijua kwa sababu sare ile niliishona mimi. Maharage huli? Mayai? Hata karanga? Matunda ni mazuri, lakini mtu anayeshika moto kutwa anahitaji kitu cha kumshikilia. Mama yako ana maswali ya kike ambayo mimi siyaandiki. Unayajua.

Gauni limo kwenye kifurushi.

Baba yako

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Gauni limenikaa utadhani nimezaliwa nalo. Nimejitazama kwenye kioo mpaka nikajionea haya.

Nywele zinakatika kidogo, meno yanakufa ganzi, na kizunguzungu kikija naegemea ukuta kinapita. Wanaofuata mlo huu wanasema ni sumu inatoka mwilini. Jaribio ni Ijumaa. Mwambie mama asihangaike.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Ijumaa ile imepita, na nyingine zimepita. Sikuulizi matokeo. Nataka kujua kama upo.

Baba yako

15 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nipo. Nisameheni wewe na mama kwa kimya changu, niliona aibu.

Kwenye jaribio mstari wa kuchomelea ulienda ovyo, kisha giza. Nilianguka na moto mkononi. Mwenzangu aliwahi kuzima. Hospitalini daktari aliniambia damu imepungua, na kwamba mwili uliokosa protini ulikuwa unakula misuli yangu. Baba, misuli ile ndiyo ninayobebea vyuma. Nilijivuna napungua, kumbe nilikuwa naipunguza kazi yangu.

Sasa nakula maharage, mayai na samaki, na papai langu sijaliacha. Maswali ya mama nimeyajibu kwenye karatasi yake, usiisome. Wamekubali nirudie jaribio nikipata nguvu.

Binti yako

30 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefaulu. Msimamizi anayestaafu alipitisha kidole kwenye mstari wangu mwanzo hadi mwisho, akavua miwani akanipa mkono.

Asubuhi ya sherehe gauni lilikataa kufunga. Nilikaa kitandani nikalia, kisha nikaligeuza nje ndani. Kitambaa kilikuwepo chote, umekikunja na kukipiga pasi kisionekane. Hukukata hata uzi. Zamani ningekasirika. Nilichukua wembe, nikafumua, nikashona upya kwa mkono kama ulivyonifundisha. Mishono imepinda, utaicheka.

Picha imo humu ndani, yenye mafundi wote nyuma yangu. Ibandike juu ya cherehani wateja waione. Na uitazame vizuri baba, tumbo sikulivuta ndani.

Msimamizi wa karakana,
Kibonge wako