Binti wa Mlenga Shabaha

Bibi Märta,

Nimechoka, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia. Mgongo ni uleule, na zamu za kuhudumia wazee zimeongezwa. Kwenye nyumba yako pale Spånga ameingia kijana mwenye mbwa. Nikipita chini ya dirisha lako natazama upande mwingine, maana nikianza kulia wazee wengine wataoshwa na nani?

Kila asubuhi nilipokuvalisha zile soksi za kubana, ulinisimulia habari za baba yako. Fundi seremala, Jumapili yuko klabuni analenga shabaha, mpaka akachaguliwa Olimpiki ilipofanyika hapahapa Stockholm, wewe hujazaliwa. Shabaha ilikuwa kulungu wa mbao aliyevutwa kwenye reli, na baba yako alitakiwa afyatue kabla kulungu hajapotea. Risasi yake ya mwisho ikampata kulungu pajani, na paja halihesabiwi. Baada ya vita kuu akaenda Olimpiki nyingine, akarudi mikono mitupu. Kisha akafundisha vijana mpaka macho yakamgomea. Ukimwaga kahawa ulikuwa unasema, "Paja halihesabiwi," tunacheka mpaka nachelewa kwa mzee mwingine.

Ulikuwa na hofu moja tu: kuzikwa na mchungaji peke yake. Hukuwa na mtoto wala ndugu. Mimi na mdomo wangu nikakuambia kwetu hakuna anayezikwa hivyo, watu nitaleta.

Ulipofariki nikaenda Jordbro kwenye maombi ya Wakongo, nikawaomba waje. Nilitaka wakujue, basi nikasema wewe ni binti wa mpiga risasi hodari, nchi nzima ilimjua. Mama Furaha, ambaye mumewe aliuawa vitani, akaniuliza, "Alipigaka nani masasi?" Nikamjibu haraka haraka kwamba ni kulungu, tena wa mbao, lakini alishachukua koti lake na wengine wakamfuata. Kiswahili nimezaliwa nacho, Bibi, na bado kilinitupa. Si ningesema mlenga shabaha! Kwenye treni ya kurudi nililia kwa hasira.

Mazishi yakaangukia siku ya kazi. Tulisimama mimi na mchungaji, baridi inatutafuna, nami naona aibu hata kulitazama jeneza lako. Ndipo Mama Furaha akatokea, anahema, kitenge amekifunga juu ya koti. Sijui kama jibu langu lilimfikia siku ile mlangoni. Hakunisalimu. Alichota udongo kwa mkono akautupa kaburini, kisha akainama akachota tena.

Tukiwa kituoni nilimuuliza kwa nini mara mbili.

"Ya pili ni ya bwana yangu," akasema. "Kule sikumuzikaka."

Kwa hiyo usiogope tena, Bibi. Una mgeni. Mpokee vizuri, hajui Kiswidi, na amekaa muda mrefu bila kaburi. Theluji ikiyeyuka nitakuja na Mama Furaha tuwasafishie hapo, na nitakuja kila mwaka, nimechoka sijachoka.

Laleni salama, nyote wawili.

Rehema