Ubao wa Kunigunda

Jumapili, 9 Juni 2024

Leo picha zangu nne zimetundikwa ukumbi wa parokia, hapa Mbamba Bay. Sista Hilda kanipa misumari mwenyewe. Watu walipotoka misa wakaja kusoma – ndiyo, kusoma, maana zimejaa maneno na namba: mbao za kuokota, karatasi za mifuko ya saruji, kilo 50, vipande vya nyavu, maneno ya mafundi. Mama mmoja kaniuliza picha yenyewe iko wapi. Nimecheka. Mwalimu wa sanaa kutoka Songea anaitaka ile kubwa kwenye maonyesho. Gari litaifuata Ijumaa asubuhi. Mimi, kibarua wa zege, darasa la tano!

Jumatatu, 10 Juni

Ndoo za zege kutwa. Akili iko Songea.

Jumatano, 12 Juni

Balaa. Benadetha, anayetupikia saiti, kaiona ile kubwa. Kasimama mbele ya ubao wa katikati, KUNIGUNDA 1951–2016, akauliza nimeutoa wapi. Nimesema ukweli. Mwaka jana tulijengea kaburi kule Tingi, tukang'oa msalaba wa mti, nikachukua ubao wenye jina. Kwetu Iramba msalaba wa zamani unaachwa uoze tu. Kumbe kwenye ukoo wao msalaba wa kwanza hulazwa kaburini kabla zege halijamwagwa. Sikuuliza. Na mmwagaji zege nilikuwa mimi.

Ni mama yake.

"Kaka, umemtundika mama yangu kwa misumari," kasema. Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Anataka ubao urudi kaburini. Ukikatwa, picha imekwisha. Miezi mitatu ya kazi. Nimezunguka ufukweni mpaka miguu imeuma. Nataka iende Songea. Aibu ninayo, lakini bado nataka.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwambia Benadetha nitaukata mwenyewe. Kakataa. Baba yake anakuja kesho na msumeno wake.

Ijumaa, 14 Juni

Mzee Edmund, baba yake Benadetha, kafika saa moja, msumeno kaufunga kwenye gunia. Kaitikia shikamoo yangu, akakaa kwenye benchi la ukumbi. Macho yake hayashiki tena herufi, kwa hiyo kataka nimsomee yote kabla ya kukata. Nikasoma: saruji, kilo 50, dagaa usipa, kijiji cha Chiwanda, "lete maji we mzembe". Hapo kacheka. Nikafika kwa Kunigunda. Akataka nirudie. Nikarudia mara tatu.

Kisha akasema:

"Niandike na mimi hapo pembeni yake, mwanangu. Edmund, 1946. Mwaka wa pili uache."

Sikuuliza kama naandika kwa ajili ya Songea au kwa ajili ya kaburi. Nimeandika. Kasema nimwache kidogo, anafikiri. Niko mlangoni na daftari. Yeye yuko palepale, msumeno magotini, kidole karibu na jina lake, hakigusi. Gari limefika, linapiga honi. Rangi bado mbichi.