Kijiji Chini ya Bwawa

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Paa limezibwa, na paka wako kazaa tena.

Kazini nilisafisha ramani ya kale ya bonde letu, ya kabla ya bwawa. Uchafu ulipotoka, kikajitokeza kijiji alichokitaja bibi siku zote, tukadhani anaota. Kipo na kisima chake, palipo na maji leo. Nilimpelekea nakala. Akagusa kile kisima, akasema, "Mama bado ananiita hapa. Nyie mlinibishia tu."

Jana asubuhi tulimkuta bwawani, maji yamemfika kiunoni.

"Nyamazeni msikie," alisema.

Kaka, nilisikia ndoo ikigonga ukuta wa kisima. Sijamwambia mtu. Njoo tumshike wote wawili. Peke yangu naogopa nitamfuata.

Mdogo wako akupendaye.