Kola ya Shati na Mzunguko wa Mwisho

Shangazi Mwikali,

Barua huanza kwa kuuliza hali ya anayeandikiwa. Desturi hiyo nimeiruka kwa makusudi, kwa sababu jibu ninalijua na bado sijalikubali. Naanza na habari ambayo wewe ungeiuliza kabla hata ya salamu: msimu wa riadha za ukumbini umefunguliwa.

Tangu tulipokuzika, baba na ndugu zake wamekuwa wakisema duka lako la ushonaji hapa Tulia lifungwe, runinga ipelekwe nyumbani Kalamba, na cherehani ipewe kanisa. Niliwasihi wasubiri Jumamosi moja tu, ya ufunguzi wa msimu. Watu wakija kutazama mbio kama ulivyowazoeza, duka libaki mikononi mwangu. Wasipokuja, mlango ningeufunga mwenyewe.

Nakumbuka Jumamosi yangu ya kwanza dukani, nikiwa bado na sare ya shule. Uliizima sauti ya runinga ukasema, "Huyu anatangaza kama anasoma maagizo ya dawa. Nyamazeni, nitawaambia mimi." Mama Mumo, jirani yako muuza nyanya, akauliza mbona watu wazima wanakimbilia ndani ya nyumba. "Kwani wanaogopa mvua? Sisi huku tunaiomba, wao wanaijengea paa!" Ulicheka mpaka ukaangusha mkasi. Kisha ukatueleza kwamba uwanja ule ni mfupi, nusu ya ule wa nje, na kona zake zimeinuliwa upande mmoja "kama kola ya shati, ndiyo wakimbiaji wasimwagike." Mita sitini uliziita mbio za kushona kifungo kimoja. Na wakimbiaji walipovuka utepe wakajibamiza kwenye magodoro ya ukutani, Mzee Ngula, mteja wako wa siku zote, alisimama kwa huruma, "Pole, jamani!" Alidhani ni ajali. Kila mwaka alidhani ni ajali, nawe kila mwaka ulimwachia huruma yake.

Lakini nilichokistahi zaidi ni mguu wako. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipoonekana ikipigwa, ulichomoa mkanda wa cherehani ili sindano itulie, ukaanza kukanyaga pedeli kwa mwendo wa anayeongoza. Yeye akiongeza kasi, nawe waongeza. Duka zima lilisikia mbio kwa miguu kabla ya kuziona kwa macho. Nimehitimu shahada ya utangazaji, Shangazi, nimewasikiliza mabingwa wa fani hii, na sijapata kusikia aliyeutangaza mzunguko wa mwisho vizuri kuliko pedeli ile.

Basi Jumamosi ikafika. Walikuja. Kwaya ya kanisa ilipomaliza mazoezi ilihamia kwetu yote, na Mama Mumo akaja na stuli yake kichwani. Nilizima sauti, nikasimama wima, nikaanza: "Mabibi na mabwana, wanariadha wa mita elfu tatu wanajiandaa kwa ajili ya kinyang'anyiro hiki..." Mzee Ngula akanikatiza. "Mwende, hii ni mbio ama ni matangazo ya mazishi?"

Watu wakacheka. Halafu kicheko kikakatika, maana sote tulikumbuka mazishi ya mwisho tuliyohudhuria pamoja.

Niliendelea kutangaza. Nilitaja majina, nikataja nafasi, lakini hakuna aliyesikiliza. Binti wetu, mkimbiaji wa nchi yetu, alikuwa amebanwa upande wa ndani wa njia, mbele ukuta wa migongo, kando bega la mtu. Mama Mumo aliinuka, stuli mkononi. Nilijua akitoka, wengine watamfuata.

Kwenye runinga, kengele ikapigwa.

Shangazi, sikufikiri. Nilifunua cherehani, nikachomoa mkanda, nikakanyaga. Gurudumu likazunguka kinyume! Mama Mumo akapaza sauti, "Unarudi nyuma, wewe! Anza na mkono!" Nikalisukuma kwa mkono, likakubali, mguu ukapata mwendo, na papo hapo ulimi ukafunguka: "Ametoka nje! Anapanda kola! Anapanda kola, jamani, anashuka nayo!" Binti wetu aliwapita wawili kwenye kona ile kwa kupitia juu, kisha akauacha mteremko umsukume. Uzuri ulioje! Hakuna uwanja wa wazi unaoweza kukupa kitu hicho: watu wamebanana, kona imesimama, na ujasiri wa mtu mmoja kuchagua njia ndefu ili awe huru. Alishindwa kwa upana wa kifua tu. Hakuna aliyejali. Walikuwa wamesimama wote, na Mzee Ngula alikuwa ameshika bega langu akitikisa.

Walipokuwa wakitawanyika nilimkimbilia Mama Mumo nikamwambia amesahau stuli. Akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Sasa niwe nikiibeba kila Jumamosi? Wacha ikae hapo."

Baba alipopiga simu kuuliza kama watu walikuja, nilimwambia stuli ya Mama Mumo imebaki dukani. "Basi na cherehani ibaki," akasema.

Pumzika, Shangazi. Mkanda nimeutundika kwenye msumari wako ule ule. Nami nakuahidi hili: siku nitakayoketi mbele ya maikrofoni kubwa, nchi nzima ikisikiliza, kona ile nitaiita kola. Wakiniuliza nimeitoa wapi, nitawaelekeza Tulia.

Mwana wa kaka yako,
Mwende