Ujumbe Nilioukalia

Jumanne, 10 Juni

Binti yangu Njeri amemaliza Hesabu saa nne. Simu ikaisha chaji katikati ya Sayansi. Nimeipeleka ichajiwe kwa fundi wa viatu kwa sababu stima ya kibanda changu cha kushonea imepotea tangu jana. Hii ni wiki ya nne. Vyoo vya shule vilititia kwa mvua, watu wa afya wakaja wakafunga shule, na tangu siku hiyo Gredi ya Sita iko ndani ya simu yangu ya kioo kilichopasuka. Mimi nashona, yeye anasoma chini ya meza ya kukatia, miguu kwenye vipande vya vitambaa.

Jioni shule wametuma ujumbe. Wazazi wapendwa, endeleeni kusubiri maelezo. Ni ule ule wa wiki jana. Kwenye grupu ya wazazi huwezi kujibu, ni mwalimu mkuu peke yake anayeandika. Kwa hivyo najibu hapa. Tumesubiri.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Jerono amekuja kibandani na sketi ya shule. Tumepakana ua hapa Yamumbi miaka saba. Jerono wake na Njeri wangu wamekuwa darasa moja tangu chekechea. Alitaka nishushe pindo, msichana amerefuka. Nikamuuliza haraka ni ya nini na shule imefungwa.

Akasema Jerono anarudi Jumatatu. Alipigiwa simu jana.

Alipigiwa simu. Mimi sijapigiwa na mtu.

Pindo nimelishusha. Nimelishona vizuri kwa sababu sijui kushona vibaya, lakini nilikasirikia hicho kitambaa kama mtu. Alipoondoka nikapiga simu shuleni. Mara tatu hakuna mtu. Mara ya nne msichana wa ofisi akashika, nikamuuliza Njeri anarudi lini. Akasema mtaambiwa. Akakata.

Jumapili, 15 Juni

Baba Njeri amekuja nyumbani kutoka mji wa Ziwa, anakojenga stoo ya mahindi ya mzee mmoja. Nimemweleza yote hata kabla hajavua viatu. Nikamwambia Mama Jerono ndiye anapeleka maziwa pale shuleni, mwalimu mkuu anajua ng'ombe wake kwa majina. Nikasema pia jambo lingine, kuhusu majina yetu sisi na majina yao. Hakuniacha nimalize. Akasema maneno hayo hayaingii kwa hii nyumba, tunajua yalitufikisha wapi wakati wa uchaguzi. Ana haki. Nimeona aibu.

Na tena si hivyo. Kanisani nimekutana na mama ya Brenda, Mkikuyu kama mimi, na Brenda pia anarudi kesho. Kevin pia. Faith pia. Hao hawauzi maziwa. Kumbe si kabila na si maziwa. Ni sisi tu tumesahauliwa. Hiyo imeniuma zaidi, kwa sababu sina wa kulaumu.

Nimemlaumu Mama Jerono hata hivyo.

Jumatatu, 16 Juni

Saa kumi na mbili na nusu Jerono ametoka. Sweta safi, soksi zimevutwa hadi magotini, sketi na pindo langu. Mama yake amemsindikiza hadi barabarani akimrekebisha kola. Njeri alisimama kwenye ua na kikombe cha chai, na hakunywa. Aliniuliza kama kuna kosa alilofanya shuleni. Nikamwambia hapana. Nilimjibu kwa ukali, kama kwamba amefanya.

Niandike ukweli, hakuna mtu anasoma hapa. Nina wivu. Na si kwa mtoto, mtoto hana shida na mimi. Ni kwa mama yake. Simu yake inalia. Watu wanajua yupo.

Hata sukuma wiki. Watoto waliambiwa wapande kwenye mikebe, ndiyo kazi ya mradi ya Gredi ya Sita, afisa atakuja kuikagua na alama zinahesabiwa kwa mtihani wa mwisho. Sukuma ya Jerono ina majani mapana kama sahani. Anaiwekea samadi ya nyumbani. Yetu imetobolewa na wadudu. Leo nimeitazama ile yao juu ya ua kwa muda ambao mtu mzima hafai kutazama mboga ya mtoto.

Jumanne, 17 Juni

Nimefunga kibanda nikachukua boda hadi shuleni. Askari wa geti akasema wazazi hawaingii bila miadi. Nikamuuliza miadi inachukuliwa wapi. Akasema ofisini. Ofisi iko wapi? Ndani.

Nimeona vyoo vipya kupitia geti. Milango ya bluu. Nimesikia darasa likiitikia pamoja. Nimerudi na matope hadi kwenye vifundo. Njeri alikuwa amejifundisha sehemu na asilimia peke yake, na zote amekosea.

Jumatano, 18 Juni

Leo limetokea jambo.

Saa kumi na moja jioni mwalimu mkuu mwenyewe amesimama kibandani. Madam hupita njia hii akienda kwake lakini hajawahi kusimama. Nimefikiri ameleta habari za Njeri. Nimeacha mashine katikati ya kola nikasimama wima, nikatoa vitambaa kwa kiti ili akae.

Hakukaa. Aliniuliza kama ni mimi jirani wa Mama Jerono, kwa sababu anampigia na simu haiingii. Ukaguzi wa mradi ulikuwa Ijumaa, umesogezwa hadi kesho. Afisa anafika saa mbili. Nimwambie Jerono aje na mkebe wake kesho, hata kama siku zao za darasa ni Jumatatu hadi Jumatano. Nikaitikia. Kisha nikauliza, na Njeri?

"Nyinyi bado," akasema. "Mtaambiwa."

Akafungua mwavuli akaenda.

Nimefika nyumbani saa kumi na mbili. Mama Jerono alikuwa zizini, namsikia akiongea na ng'ombe. Nilisimama hapo kwa ua. Yalikuwa maneno kumi tu. Akaniona, akanisalimia, akasema simu yake imeanguka kwa ndoo ya maziwa na ameiweka kwa mchele ikauke. Alicheka. Nami nikacheka. Nikamwambia mvua ni nyingi mwaka huu.

Nikaingia ndani.

Nimeukalia ujumbe wake. Nimejiambia nitamwambia asubuhi.

Alhamisi, 19 Juni

Sikumwambia.

Nilimwona Jerono saa moja akianika nguo, amevaa rinda la nyumbani. Saa moja na robo nilikuwa bado na nafasi. Saa moja na nusu pia. Nikaenda kazini.

Kuna nusu saa leo nilijisikia vizuri. Nilifikiri, basi, na wao wajue vile kukosa kuambiwa kunakaa. Nusu saa tu. Halafu nikashona zipu upande wa nje, nikaifumua, nikaishona tena upande wa nje.

Ijumaa, 20 Juni

Jerono amebeba mkebe wake leo, siku aliyojua yeye. Ameubeba kwa mikono miwili njia nzima, kwa boda ungemwagika. Saa tatu amerudi nao. Nilimwona akipita mbele ya kibanda. Hakulia barabarani. Alilia alipofika kwao, nami nilirudi nyumbani kuchukua makasi, nikamsikia.

Afisa alikuja jana na kuondoka. Jerono ameandikiwa sifuri.

Jioni Mama Jerono amekuja kwangu. Kwangu mimi, sebuleni. Amesema ni wewe tu utaelewa, Mama Njeri, wewe unajua vile hii shule inatufanya. Amesema alimwahidi marehemu baba ya Jerono kwamba huyu mtoto atasoma. Nikamchemshia chai. Nikamwekea sukari mbili vile anapenda. Nikamsikiza nikitingisha kichwa. Njeri alikuwa amekaa pale pale, anaandika, na alikuwa kibandani Jumatano chini ya meza. Alisikia kila kitu. Aliniangalia mara moja tu.

Jumamosi, 21 Juni

Njeri hasemi nami isipokuwa nikimuuliza. Ndiyo, mama. Hapana, mama.

Shule imetuma ujumbe. Mkutano wa wazazi wa Gredi ya Sita Jumatatu saa tatu. Huu nimeupata. Nafikiri wazazi wamepiga kelele sana.

Jumatatu, 23 Juni

Nitaandika vile ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Wazazi walikuwa na hasira za mwezi mzima. Baba mmoja wa Kapseret alisema mtoto wake amekuja mara mbili na kurudishwa. Mimi nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa tangu wiki jana na nikasema yote, simu zisizoshikwa, geti, mtaambiwa. Nilisema mzazi si mgeni, ana haki ya kuambiwa habari za mtoto wake kwa wakati. Walinipigia makofi. Mama Jerono alipiga makofi kuliko wote, alikuwa kiti kilichofuata.

Madam akaeleza. Vyoo havitoshi darasa zima, kwa hivyo waligawa watoto kwa herufi. A hadi M kundi la kwanza, N hadi mwisho kundi la pili. Kundi la pili lilipaswa kuanza Alhamisi iliyopita. Ujumbe uliandikwa Jumatano usiku, baada ya kupita kwangu. Mama mmoja nyuma akainua simu akasema ndiyo, yeye aliupata, lakini mtoto wake alimaliza hapa mwaka jana. Ulitumwa kwa wazazi wa mwaka jana. Watu walicheka kwa uchungu. Sikucheka. Brenda, Faith, Jerono, Kevin. Njeri. Ilikuwa herufi tu. Hakuna aliyetuchukia. Hakuna aliyempenda Mama Jerono kuliko mimi.

Hapo Mama Jerono akasimama. Aliuliza kwa upole kwa nini mtoto wake aandikiwe sifuri kwa siku ambayo hakuambiwa.

Madam akasema, "Lakini nilimtuma jirani yako. Nilisimama kibandani kwake mwenyewe."

Akanielekeza kwa kalamu.

Ningeweza kusema nilisahau. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Ukumbi mzima ungeamini, nilikuwa mtu wao dakika kumi zilizopita. Nikamwona Mama Jerono akinigeukia, uso wake ulikuwa bado unaningojea niseme huyu madam anadanganya.

"Aliniambia," nikasema. "Nikanyamaza. Nilikuwa na wivu."

Sijui ni nani aliyeguna. Mama Jerono alichukua mkoba wake kutoka kiti kilichokuwa karibu nami, akaenda kukaa mstari wa nyuma.

Nilibaki nimesimama. Nikamwambia madam kwamba kosa la Alhamisi ni langu na si la mtoto, na afisa aitwe tena. Sauti yangu haikuwa na nguvu. Yule baba wa Kapseret ndiye akaongeza kwamba kundi lote la pili pia halijakaguliwa, kwa hivyo afisa lazima arudi tu, na Jerono akaguliwe nao. Madam akaandika. Kutoka sasa kila ujumbe utabandikwa getini pia na mwalimu wa darasa atapiga simu. Hatumwi tena mtu.

Nimetembea hadi nyumbani. Ni mbali. Nilitaka iwe mbali.

Jumanne, 24 Juni

Nimeenda kwa Mama Jerono asubuhi kuomba msamaha. Alikuwa anakamua. Nilisema yote nikisimama kwenye matope, bila kujitetea, hata ile nusu saa nilimwambia. Aliendelea kukamua hadi maziwa yakaisha. Kisha akasema amenisikia. Akasema Jerono pia anafaa kuambiwa, na nimwambie mimi mwenyewe.

Nimemwambia Jerono. Ana miaka kumi na miwili. Aliniuliza kama nilimchukia. Nikasema hapana. Akaniuliza basi kwa nini.

Njeri ameongea nami jioni. Ametaka nimsaidie asilimia.

Ijumaa, 27 Juni

Afisa amerudi. Njeri ameenda na mkebe wake wa majani yaliyotobolewa. Jerono ameenda na wake. Wameondoka pamoja, wamezungumza njiani kama kwamba hakuna kitu. Watoto.

Jerono amepita vizuri. Njeri amepita, si vizuri sana. Nilisubiri ule uchungu uje. Ulikuja kidogo. Sitadanganya hapa.

Baba Njeri amejua kila kitu kwa simu, kutoka kwa mtu mwingine. Amesema tutaongea akifika. Najua atakachosema na najua ana haki.

Mama Jerono amepeleka sweta ya Jerono kwa fundi wa stendi ya juu. Nimeiona ikipita.

Jumapili, 29 Juni

Mvua imenyesha kuanzia mchana. Saa kumi simu imelia, nimeitazama mara mbili. Gredi ya Sita wote, makundi yote mawili, wanarudi kesho saa moja na nusu asubuhi. Vyoo vimekamilika. Jina la Njeri limeandikwa hapo. Dakika tano baadaye mwalimu wa darasa akapiga pia.

Njeri amepanga vitabu mara tatu. Nimemwoshea soksi na kuzikausha juu ya jiko.

Halafu nikavaa viatu vya mvua nikaenda hadi kwa ua. Mama Jerono alikuwa anakusanya ndoo. Nikamuuliza kama amepata ujumbe wa kesho.

Aliokota ndoo moja bila kunitazama. Akasema amepata.

Kisha akauliza, "Na nyinyi?"

Nikasema tumepata.

Akaingia zizini. Nami nikarudi ndani, nikawasha pasi.